Kumtafuta babu au bibi Mpolandi ukiwa Unguja au Pemba

Familia yenye damu ya Kipolandi kwa kawaida huwa na kauli moja tu ya kuanzia: bibi, au babu, "alitoka Poland wakati wa machafuko". Kauli hiyo haifungui daftari lolote. Mambo matatu ndiyo yanayofungua: jina la kijiji alichozaliwa, dini aliyobatiziwa au kulelewa nayo, na mtawala aliyekuwa akishika eneo lile mwaka ule. Ukiyapata hayo, kazi iliyobaki ni kuvumilia. Ukiyakosa, utazunguka mtandaoni miezi na miezi ukikusanya majina ya watu wasiokuhusu.

Mtawala anaingia kwa sababu hii. Kuanzia 1795 mpaka 1918 hakukuwa na dola ya Poland kwenye ramani. Ardhi yake iligawanywa na Urusi, Prussia (dola ya Kijerumani) na Austria, na kila mmoja aliandikisha watu kwa lugha yake na utaratibu wake. Baada ya vita vya pili mipaka ikasogezwa tena, na sehemu kubwa ya mikoa ya mashariki ikaishia katika nchi zinazoitwa leo Ukraine, Belarus na Lithuania. Mtu anaweza kuwa Mpolandi wa kabila, akazaliwa raia wa Urusi, akakulia Poland huru, na kijiji chake leo kikawa Belarus bila yeye kuhama hata nyumba moja. Kwa hiyo pasipoti iliyoandikwa "Austria" au "Urusi" isikutie shaka. Inakwambia tu kabati gani la nyaraka ukaligonge.

Anza na wazee

Kaa na mzee mmoja mmoja, usiwakusanye wote sebuleni. Wakiwa pamoja mwenye sauti kubwa ndiye anayesimulia na wengine humuitikia. Usiulize "alitoka wapi?" peke yake, maana utajibiwa "Ulaya". Uliza vitu ambavyo mtoto wa nyumba angevikumbuka: alikuwa akisali kwa maneno gani? Sikukuu yake ya Krismasi ilikuwa Disemba 25 au Januari 7? Alikuwa akiimba nini jikoni? Alimtaja mama yake kwa jina gani? Aliwahi kupata barua, na stempu zake zilikuwa za nchi gani?

Swali la Krismasi si la porojo. Anayesherehekea Januari 7 aghalabu ni wa madhehebu ya Waorthodoksi au Wakatoliki wa ibada ya Kigiriki, na hao wana madaftari yao, mbali na ya Wakatoliki wa Roma. Wayahudi wa Poland nao wana madaftari yao, na fahirisi yao kubwa ya mtandaoni inaitwa JRI-Poland. Ukitafuta katika daftari la dini isiyokuwa yake hutopata kitu, hata kama kijiji umekipatia.

Tarehe zichukue kwa tahadhari. Mzee akisema alifariki "usiku wa Ijumaa", kwa hesabu zetu ni Alkhamisi baada ya magharibi. Hati za ndoa za zamani zinaweza kuwa na tarehe ya Hijria peke yake. Igeuze kwa kikokotoo, kisha acha nafasi ya siku moja mbele na moja nyuma, kwa sababu mwezi uliandama kwa kuonekana.

Halafu omba sanduku. Picha, bahasha, misahafu na vitabu vya sala, risiti, kadi za chanjo. Piga picha kila kitu mbele na nyuma kwa simu, kivulini karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, na karatasi iwe imelala bapa. Nyuma ya picha ndiko kwenye mhuri wa mpiga picha na mji wake. Kitabu cha sala cha Kikatoliki mara nyingi kina vikadi vidogo vya watakatifu vyenye maandishi ya mkono: jina, tarehe, parokia ya komunyo ya kwanza. Kikadi kimoja cha namna hiyo kinaweza kumaliza nusu ya kazi.

Aliondoka katika wimbi gani?

Wapolandi waliondoka kwao kwa vishindo, na kila kishindo kilikuwa na njia yake na karatasi zake. Walioshindwa katika uasi wa 1830–31 dhidi ya Urusi walielekea zaidi Ufaransa. Uasi wa Januari 1863 uliishia kwa watu kunyongwa, kupelekwa Siberia au kukimbilia nje. Mapinduzi ya 1905 hadi 1907 katika sehemu ya Urusi yaliwaondoa wafanyakazi wa viwanda na vijana waliokwepa jeshi la Tsar, mfalme wa Urusi. Mwaka 1968 Wayahudi kwa maelfu walisukumwa nje na kupewa hati ya safari iliyosema mwenye nayo si raia wa Poland. Disemba 13, 1981 ikatangazwa hali ya kijeshi, na wengine wengi wakaondoka, au wakabaki nje walikokuwa. Kwa waliotoka wakati wa ukomunisti, faili la pasipoti lilikuwa mikononi mwa vyombo vya usalama, na mafaili hayo leo yamehifadhiwa na Instytut Pamięci Narodowej, yaani Taasisi ya Kumbukumbu ya Taifa ya Poland, IPN kwa kifupi. Ndani yake mara nyingi mna picha, anuani, wazazi na sababu ya safari. Ni faili lenye faida kuliko cheti cha kuzaliwa.

Lakini kwa mtu wa Zanzibar wimbi la kulichunguza kwanza ni la 1940, kwa sababu ndilo lililowafikisha Wapolandi kwa maelfu katika mwambao wetu.

Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi na Muungano wa Kisovieti kutoka mashariki. Wasovieti wakaanza kuhamisha familia nzima kwa treni za mizigo, kwa mikupuo minne mikubwa. Mkupuo wa Februari 1940 uliwachukua zaidi walowezi wa kijeshi (askari wa zamani waliopewa ardhi mashariki) na walinzi wa misitu, wakapelekwa kaskazini mwa Urusi na Siberia. Ule wa Aprili 1940 uliwachukua familia za waliokwisha kukamatwa, wakiwemo maofisa, na wengi wakatupwa Kazakhstan. Wa Juni 1940 uliwakumba zaidi wakimbizi waliotoka magharibi mwa Poland, Wayahudi wengi wakiwemo. Wa nne ukaja Mei na Juni 1941. Basi kumbukumbu kama "walitolewa usiku wa baridi kali, baba alikuwa mlinzi wa msitu" inaelekeza Februari, na "baba alikuwa ofisa, walikuwa wameshamchukua kabla" inaelekeza Aprili. Ukijua mkupuo, unajua kazi ya baba na sehemu gani ya Poland utafute.

Julai 1941, baada ya Ujerumani kuivamia Urusi, Wasovieti na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London walifikiana, Wapolandi wakaachiwa. Jeshi la Wapolandi chini ya Jenerali Anders likaundwa. Mwaka 1942, Machi na Aprili kwanza, halafu Agosti, askari na raia wakavushwa Bahari ya Kaspi mpaka bandari ya Pahlavi, Uajemi. Wanaume wenye nguvu wakaendelea na jeshi. Wanawake, watoto na wazee wakasafirishwa mpaka Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, kisha bara. Kambi za Tanganyika zilikuwa Tengeru karibu na Arusha, iliyokuwa kubwa kuliko zote na yenye watu takriban 5,000, pamoja na Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Uganda kulikuwa na Masindi na Koja.

Hapo pana jambo linaloamua utafutaji. Kama Mpolandi wenu alikuwa mwanamke, au alikuwa mtoto miaka hiyo, njia ya kambi inamfaa. Kama alikuwa mwanamume wa miaka 25 mwaka 1943, basi hakuwa mkimbizi wa kawaida wa kambini. Huenda alikuwa askari, mtumishi wa kambi, mmishionari au baharia, na karatasi zake ziko kwengine.

Baada ya vita kambi zilisimamiwa na shirika la kimataifa la wakimbizi, IRO, kuanzia 1947, zikafungwa pole pole. Wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia. Mwaka 1949 kundi la watoto yatima wa Tengeru lilipelekwa Kanada kupitia Italia. Wachache walibaki Afrika Mashariki, na hao wachache ndio wanaoweza kuwa bibi zetu.

Karatasi za hapa kwetu, kabla ya kuandika Ulaya

Wengi huruka hatua hii, na ndiyo rahisi kuliko zote.

Tanganyika na Zanzibar zilikuwa serikali mbili mpaka Aprili 1964. Mpolandi aliyehama Tanga kuja Unguja alivuka kutoka serikali moja kwenda nyengine, kwa hiyo mafaili yake yamegawika: ya kambi yatafute Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na ya kuishi hapa yatafute Nyaraka za Zanzibar, Kilimani. Kilimani usiingie ukiuliza "mna kitu cha Wapolandi?". Nenda na mwaka, jina kwa tahajia zote unazodhani, na kazi aliyokuwa akiifanya. Mafaili ya sekretarieti ya Kiingereza yamepangwa chini ya herufi AB. Muombe mhudumu wa chumba cha kusomea akuoneshe orodha ya AB kwa mada za uhamiaji, wageni na wakimbizi. Chukua kitambulisho, barua ya sheha inayoeleza uhusiano wenu, na penseli, maana kalamu ya wino haitakiwi karibu na nyaraka. Ruhusa ya kupiga picha iombe mapema, kabla faili halijafika mezani. Aliyetoka Pemba apange siku mbili au tatu mjini, kwa sababu faili likiombwa leo halifiki lazima leo.

Kama alifunga ndoa ya kanisa, nenda Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu, Mji Mkongwe. Usiridhike na safu ya daftari la ndoa. Uliza kama limebaki faili la maandalizi ya ndoa, kwa sababu padri alilazimika kuthibitisha kwamba wachumba wamebatizwa na hawana ndoa nyengine, na humo ndimo inapotajwa parokia ya ubatizo. Maandishi mengi ya zamani ni ya Kilatini, hivyo Joannes ni Jan, na Adalbertus kwa kawaida ni Wojciech, ambaye usingemdhania. Kanisa Katoliki tangu 1908 linataka ndoa iandikwe pia pembezoni mwa daftari la ubatizo kule mtu alikobatizwa. Inawezekana basi ukurasa ulioko Ulaya una maelezo madogo pembeni yanayoitaja ndoa iliyofungwa Afrika. Ukiyaona, huna haja ya ushahidi mwengine kuwa umempata mwenyewe.

Kama ndoa ilikuwa ya Kiislamu, jiulize nani alikuwa Mpolandi. Mwanamume Mkristo hawezi kumuoa Muislamu mpaka asilimu, kwa hiyo babu Mpolandi atakuwa na jina jipya katika hati, na mara nyingi ataandikwa "bin Abdallah". Usilisome hilo kama jina la baba yake. Ni nasaba anayopewa aliyesilimu, na ukienda kutafuta Abdallah kule Poland utatafuta mpaka kiyama. Mwanamke wa Kikristo anaweza kuolewa na Muislamu bila kubadili dini, hivyo bibi anaweza kuwa ameandikwa kwa jina lake la kwao. Mahakama ya Kadhi, na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake, ndiko pa kuulizia. Cheti cha mtoto wa kwanza ndicho bora, kwa sababu jina la mama huwa bado halijafupishwa na kufanywa la nyumbani.

Akiwa amepitia Tengeru, makaburi ya Wapolandi bado yapo pale, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, na majina yameandikwa. Aliyeko Arusha akupigie picha. Kaburi la mama mkwe au mdogo wake lina faida kama lake.

Jina limepinda wapi

Jina la Mpolandi lilipita kwenye masikio ya karani wa Kirusi, kisha Mwingereza, kisha Mswahili, na pengine likaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kila mmoja alilipinda kidogo. Kazi yako ni kulirudisha nyuma.

Herufi ł hutamkwa kama w yetu, na w ya Kipolandi hutamkwa v. Cz na sz ni karibu na ch na sh zetu, c peke yake ni "ts" lakini ikifuatwa na i huwa karibu na ch, ó ni u, j ni y. Kwa hiyo Wójcik kwa sikio ni "Vuychik", na karani anaweza kuwa ameandika Voychik au Wojcik, na mjukuu akarithi "Woiki". Hati ikiwa kwa herufi za Kiarabu, p huenda ikawa b, na v huenda ikawa w au f. Pawlak anaweza kusomeka Baulaki. Andika tahajia zote kwenye karatasi moja, zikiwa nane au kumi si nyingi, na utafute kwa kila moja.

Majina mengi yanayoishia na -ski kwa mwanamume huishia na -ska kwa mwanamke. Kowalska na Kowalski ni ukoo mmoja. Na kwa wenye mjomba anayesema -ski ni ishara ya ukoo wa kifalme: si kweli. Wakulima kwa maelfu wana majina hayo. Anayekuuzia nembo ya ukoo mtandaoni anakuuzia picha ya kutundika ukutani.

Kijiji kipi kati ya vyenye jina moja

Sisi tuna Chwaka ya Unguja na Chwaka ya Pemba. Poland ina Nowa Wieś na Dąbrowa kwa makumi. Jina la kijiji pekee halitoshi. Tafuta pia parokia, wilaya (powiat), au mji wa karibu uliotajwa katika simulizi: mji wenye soko, stesheni ya reli, mto. Kiweke kijiji na mji huo kwenye ramani. Kijiji kisichozidi saa chache za mkokoteni kutoka mji uliotajwa ndicho cha kukijaribu kwanza. Kumbuka pia kwamba kijiji kidogo hakikuwa na kanisa lake, kwa hiyo daftari limeandikwa kwa jina la kijiji cha jirani chenye parokia. Hili linakwamisha watu wengi kuliko tahajia.

Kutafuta mtandaoni

Unahitaji kompyuta au simu yenye skrini ya kutosha, na bando. Zana kuu ni za bure.

Geneteka ni fahirisi ya majina iliyotengenezwa na wanachama wa chama cha wananasaba wa Poland. Chagua mkoa wa leo kwanza, na kwa mashariki pana sehemu za Ukraine, Belarus na Lithuania. Vichupo vitatu vitakutosha: urodzenia ni vizazi, małżeństwa ni ndoa, zgony ni vifo. Usianze na kizazi chake. Anza na ndoa ya wazazi wake, ukiweka jina la ukoo la baba na la mama pamoja, kwa sababu majina mawili kwa pamoja hupunguza matokeo kutoka mamia mpaka machache. Weka mwanya wa miaka 15 kabla ya kuzaliwa kwake. Jina lisipotokea, parokia hiyo huenda haijaingizwa kwa miaka hiyo. Angalia orodha ya parokia na miaka kabla ya kusema hayupo.

Matokeo yana nambari ya akti (maandishi ya tukio moja katika daftari) na mwaka. Nambari hiyo ndiyo utakayoipeleka kwenye picha za madaftari, ama kwa kiungo cha pale pale, ama katika tovuti ya hifadhi za serikali, szukajwarchiwach.gov.pl, ama FamilySearch ambayo inataka akaunti tu, haitaki malipo. Pakua picha yenyewe kwa ukubwa kamili. Fahirisi imeandikwa na binadamu, na binadamu hukosea.

Kwa waliohamishwa na Wasovieti, kuna Indeks Represjonowanych, orodha ya walioteswa na utawala wa Kisovieti, inayoonesha jina, jina la baba, mwaka wa kuzaliwa, na pengine walikopelekwa. Jina la baba ndilo la kushikilia hapo, kwa kuwa Warusi waliandika kila mtu kwa jina la baba yake, kama tunavyofanya sisi. Nyaraka za serikali ya uhamishoni ziko Polish Institute and Sikorski Museum, London, na sehemu kubwa nyengine iko Hoover Institution, Marekani. Arolsen Archives ya Ujerumani ni nzuri sana kwa waliopita mikononi mwa Wajerumani, lakini kwa aliyepita Siberia na Uajemi usivunjike moyo ikikurudishia sufuri. Kama aliondoka Afrika kwenda Uingereza kwa meli kabla ya 1960, orodha za abiria walioingia ziko katika hifadhi ya taifa ya Uingereza chini ya alama BT 26.

Kuusoma ukurasa

Sehemu ya Urusi iliyokuwa Ufalme wa Poland, upande wa Warsaw, iliandika kwa Kipolandi mpaka karibu 1868, kisha kwa Kirusi mpaka vita vya kwanza. Ni aya nzima bila jedwali: mahali na tarehe, nani alikuja kuripoti, umri na kazi yake, mashahidi wawili, kisha mtoto na mama yake. Zile za Kipolandi huanza na Działo się, yaani "ilitokea katika". Zile za Kirusi mara nyingi hurudia majina kwa herufi za Kilatini, na hayo ndiyo ya kuyatafuta kwa macho kwanza. Sehemu ya Austria ni jedwali la Kilatini lenye nambari ya nyumba, na nambari hiyo ni hazina: nyumba moja, familia moja, vizazi viwili vitatu. Sehemu ya Prussia ni Kijerumani au Kilatini, na tangu Oktoba 1874 pana msajili wa serikali mbali na kanisa.

Tarehe mbili katika sehemu ya Urusi zisikuchanganye wewe uliyezoea Hijria na Miladia. Mei 3/15, 1885 ni siku moja: 3 kwa kalenda ya zamani, 15 kwa ya leo. Tofauti ni siku 12 karne ya 19, na 13 tangu 1900. Andika zote mbili katika mti wako. Umri nao ni wa kukadiria. Mtu wa "miaka 30" anaweza kuwa na 27 au 34.

Paje, Jambiani na Nungwi siku hizi hukosi mtu anayezungumza Kipolandi, na anaweza kukusaidia sana barua na maandishi ya chapa. Mwandiko wa 1870 ni shughuli nyengine, na Kirusi cha mkono ni nyengine kabisa. Tafsiri ya mashine kwa picha ya mwandiko huo inazusha majina. Kata neno moja moja na ulinganishe na maneno yanayojirudia katika akti za jirani kwenye ukurasa huo huo.

Kuandika barua

Poland huhamishia madaftari hifadhi za serikali baada ya miaka 100 kwa vizazi, na 80 kwa ndoa na vifo. Yaliyo machanga kuliko hapo yapo kwa msajili wa mji, Urząd Stanu Cywilnego, na hatoi nakala mpaka uthibitishe wewe ni wa ukoo huo. Hapo ndipo mnyororo wa vyeti vya hapa kwetu unapofanya kazi: chako, cha mzazi wako, cha bibi. Kikikosekana kimoja mnyororo umekatika, kwa hiyo kitafute Zanzibar kwanza.

Kwa vijiji vya mashariki, usikimbilie Lviv au Minsk. Sehemu ya madaftari ya huko ilivushwa mpaka Warsaw: yaliyopita miaka 100 yako hifadhi kuu ya kale, AGAD, mengi yakiwa na picha za bure, na ya karibuni yako kwa msajili wa Warsaw. Ukikosa huko, ndipo uandike Ukraine, Belarus au Lithuania.

Omba odpis zupełny, nakala kamili, usiombe odpis skrócony, nakala fupi. Ada ya Poland ni zloti 33 dhidi ya 22, na tofauti hiyo ndogo inakupa yale maelezo ya pembezoni. Andika kwa Kipolandi, kwa ufupi, jambo moja kwa barua moja: jina na tahajia zake, mwaka, kijiji na parokia, majina ya wazazi, uhusiano wako. Simulizi ya familia iache. Karani anatafuta mstari katika daftari, na barua ya kurasa tatu ataiweka chini ya nyengine.

Yanayoharibu kazi

Kunakili mti wa mtu mtandaoni kwa sababu majina yanafanana. Kufunga nadharia mapema, "alikuwa ofisa", na kutupa kila karatasi inayosema alikuwa fundi seremala. Kupima vinasaba kwa matumaini ya kupewa kijiji: kipimo kinaweza kukuonesha binamu aliyeko Kanada, na binamu huyo ndiye mwenye albamu, lakini kijiji hakikitaji. Na karatasi zenyewe kuharibika. Nyumba za mawe hunyonya unyevu, na masika huzimaliza karatasi hata pasipo mchwa. Weka hati halisi katika bahasha za karatasi ndani ya sanduku lililoinuliwa sakafuni, mbali na ukuta wa chokaa. Usibandike selotepu. Usiweke lamineti, kwani gundi na joto haviondoki tena, na ofisi nyengine hukataa hati iliyofunikwa hivyo.

Kama nia ni uraia

Utafutaji wa ukoo na uraia ni njia mbili zinazotumia vyeti vile vile. Sheria ya 1920 ilimpa mtoto wa ndoa uraia wa baba, na wa nje ya ndoa uraia wa mama, na hali hiyo ilidumu mpaka Januari 19, 1951. Bibi Mpolandi aliyeolewa na Mzanzibari na kuzaa kabla ya siku hiyo analeta kesi ngumu. Babu Mpolandi mwenye ndoa iliyosajiliwa analeta nyepesi zaidi. Tarehe ya ndoa na ya kizazi cha kwanza ndizo zitakazosomwa kwanza na konsuli. Pia ipo Karta Polaka, ambayo si uraia: inataka mzazi au babu mmoja wa taifa la Kipolandi, au wazaa babu wawili, pamoja na Kipolandi cha msingi, na tangu 2019 imefunguliwa kwa nchi zote. Ubalozi wa Poland uko Dar es Salaam. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo muone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujatia saini fomu yoyote ya uraia, hata ile inayosema ni "uthibitisho" tu.